Noti Bandia Ugenini: Somo Tulilolipata kwa Kuchelewa



Katika semina za kuwaandaa vijana wetu wanaokwenda kujitolea katika sharika rafiki za Ujerumani, kwa miaka mingi tumefundisha mambo ya baridi, chakula, lugha, kutunza muda na namna ya kusafiri kwa treni. Suala la fedha tuliligusa kwa juu juu. Tuliwaambia watunze kadi ya benki na wasimpe mtu namba ya siri, basi. Hatukuwahi kuwaambia kwamba hata mashine ya kutolea fedha, ile tunayoiita ATM, inaweza siku moja kumpa mtu noti ambayo si fedha. Jambo hilo tulifundishwa na binti mmoja kutoka katika mojawapo ya sharika zetu. Ameturuhusu tueleze yaliyompata, bila kutaja jina lake wala mji aliokuwa akiishi, ili wengine wapone.

Yaliyompata

Binti huyo alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Jumamosi moja jioni alitoa euro 100 kwenye mashine iliyoko ukutani, nje, katika mtaa wa maduka. Mashine ikampa noti mbili za euro 50. Baridi ilikuwa kali, na nyuma yake watu walikuwa wamepanga foleni. Akazikunja, akaziweka mfukoni, akaondoka.

Jumatatu asubuhi aliingia katika duka la mikate. Mwuzaji aliishika noti yake, akaipapasa, akaiinua kwenye taa, kisha akamrudishia akisema hawezi kuipokea. Hakugomba wala hakuita mtu. Binti alitoka na noti yake na aibu yake, huku watu wakimtazama.

Siku tatu alikaa nayo chumbani. Mwenzake mmoja alimshauri aitumie usiku, mahali penye mwanga hafifu. Mwingine akamwambia aitumbukize kwenye kapu la sadaka Jumapili, kwa kuwa hapo hakuna anayeuliza. Yeye mwenyewe aliogopa kwenda polisi. Aliwaza: mimi ni mgeni, nina viza ya muda, nikionekana na fedha bandia nani ataniamini? Ndipo akapiga simu ofisini kwetu.

Hapa inatupasa tukiri. Aliyepokea simu ile ofisini kwetu alimwambia ajaribu duka jingine, huenda yule mwuzaji amekosea. Jibu lilitolewa kwa nia njema, lakini lilikuwa jibu baya. Kama binti angelifuata, angeweza kujikuta anashtakiwa. Tunamshukuru Mungu kwamba hakulifuata. Alimweleza mama mwenyeji wake, na mama yule akamsindikiza hadi kituo cha polisi.

Polisi waliipokea noti, wakaandika maelezo yake na kumpa karatasi ya kuonyesha kwamba ameikabidhi. Hawakumkamata wala kumtisha. Baadaye alipata taarifa kwamba noti ile ni bandia kweli. Alipokwenda benki alijibiwa kwamba hakuna uthibitisho kuwa ilitoka kwenye mashine yao. Euro 50 zikapotea, na kwa kijana anayeishi kwa posho ya kujitolea hizo si fedha ndogo.

Noti bandia inafikaje kwenye mashine?

Tusiwatie watu hofu kupita kiasi. Jambo hili ni nadra. Kwa taarifa za Benki Kuu ya Ulaya, mwaka 2024 ziliondolewa kwenye mzunguko noti bandia za euro zipatazo 554,000. Hesabu hiyo ni sawa na noti bandia 18 zilizogunduliwa kwa kila noti halali milioni moja. Zaidi ya robo tatu zilikuwa za euro 20 na euro 50, yaani zile noti ambazo mtu wa kawaida hushika kila siku.

Tena benki hazijakaa tu. Uamuzi uliotolewa na Benki Kuu ya Ulaya mwaka 2010 unazitaka benki zikague noti kabla ya kuzirudisha kwa wateja. Mashine nyingi za siku hizi hupokea fedha na kutoa fedha. Mteja anapoweka noti, mashine huipima. Ikionekana kuwa na shaka ya ubandia huzuiwa, na jina la mwenye akaunti hujulikana. Noti iliyothibitika kuwa halali na bado nzuri ndiyo inayoruhusiwa kutolewa tena kwa mteja mwingine.

Hata hivyo, hakuna ukaguzi usiokosea. Zipo noti bandia zilizotengenezwa kwa ustadi, na mashine hujazwa na watu. Mahali penye mikono ya watu pana makosa, na wakati mwingine pana tamaa. Vilevile si kila mashine inasimamiwa na benki. Nyingine ni za kampuni binafsi na huwekwa madukani, stesheni na katika mitaa ya watalii. Hizo nazo zina sheria zake, lakini likitokea tatizo hakuna kaunta ya karibu ya kukimbilia.

Lipo jambo lingine ambalo benki hulijua vizuri. Mara nyingi mtu husema noti imetoka kwenye mashine, kumbe aliipokea kama chenji sokoni. Si kwamba anadanganya, ila noti zimeshachanganyika mfukoni. Hiyo ndiyo sababu benki huwa ngumu kurudisha fedha. Noti ikishatoka mbele ya mashine, hakuna anayeweza kuishuhudia ilikotoka.

Papasa, tazama, inamisha

Benki Kuu ya Ulaya huwafundisha watu hatua tatu zisizohitaji chombo chochote. Tunazieleza hapa kwa noti ya euro 50 ya toleo jipya, iliyoanza kutumika Aprili 2017.

Kwanza, papasa. Vua glovu. Karatasi ya noti halali imetengenezwa kwa pamba. Ni ngumu kidogo, haiteleziteleza kama karatasi ya gazeti la picha. Pembeni, kushoto na kulia, ipo mistari mifupi iliyoinuka ambayo kidole hukisikia. Noti bandia nyingi ni laini mahali hapo.

Pili, tazama. Inua noti kwenye mwanga. Katika sehemu nyeupe ya karatasi itaonekana sura ya mwanamke. Huyo ni Europa, binti mfalme wa hadithi za kale za Wagiriki ambaye jina lake limepewa bara la Ulaya. Sura hiyo imo ndani ya karatasi yenyewe, haikuchapwa juu yake, kwa hiyo bila mwanga haionekani vizuri. Utaona pia uzi mweusi unaokatiza noti, wenye alama ya euro na thamani yake kwa maandishi madogo sana. Kisha tazama juu kabisa ya mkanda wa rangi ya fedha ulio upande wa kulia. Pana kidirisha. Ukiinua noti, kidirisha hicho hupitisha mwanga na sura ya Europa huonekana ndani yake kutoka pande zote mbili.

Tatu, inamisha. Chini upande wa kushoto ipo namba inayong'aa. Ukiinamisha noti mbele na nyuma, mwanga huonekana ukipanda na kushuka katika namba hiyo, na rangi yake hubadilika kutoka kijani cha zumaridi kuwa buluu iliyokolea. Noti bandia huweza kung'aa pia, lakini mara nyingi hung'aa bila kubadilika, kama karatasi ya kufungia peremende.

Namba ya kijani ipo katika noti zote za toleo hilo jipya, kuanzia euro 5 iliyotoka mwaka 2013 hadi euro 100 na 200 zilizotoka Mei 2019. Kidirisha hakipo katika noti za euro 5 na 10, kwa hiyo kijana asishtuke akikikosa huko. Noti za toleo la kwanza, zilizoanza kutumika Januari 2002, nazo bado ni halali ingawa hazina sura ya Europa. Ukipewa noti ya zamani usiikatae kwa sababu ya uzee wake. Ipapase na kuitazama kwenye mwanga, na ukiwa na shaka uiulizie benki.

Usiridhike na alama moja tu. Wanaoghushi huweza kuiga alama moja vizuri wakashindwa nyingine. Zile kalamu za kukagulia noti zinazouzwa madukani zisikutoshe pia, kwani hutambua wanga ulio katika karatasi ya kawaida. Noti bandia iliyochapwa kwenye karatasi isiyo na wanga hupita bila kugundulika. Njia nzuri ni kuilinganisha noti unayoitilia shaka na nyingine ya thamani ileile unayoiamini.

Yapo mambo mawili zaidi. La kwanza ni zile noti zinazotengenezwa kwa ajili ya filamu. Kwa mbali hufanana na fedha, lakini huwa na maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba ni za maigizo. Noti hizo zimeingia madukani Ujerumani, na aliyepokea kwa haraka hugundua akifika nyumbani. Soma kilichoandikwa kwenye noti. La pili ni noti yenye madoa ya wino. Wahalifu nchini Ujerumani wamekuwa wakilipua mashine za fedha, na mwaka 2022 peke yake polisi walihesabu matukio 496. Mashine nyingi zimewekewa wino wa kuchafua noti zinapovunjwa. Noti yenye madoa ya namna hiyo yaweza kuwa ya wizi. Usiipokee kwa mtu.

Ukiwa bado mbele ya mashine

Hapa ndipo penye faida kubwa, maana dakika moja ya mbele ya mashine ina nguvu kuliko barua kumi za baadaye. Tunawashauri vijana na wasafiri wote wafanye hivi:

1. Toa fedha mchana, siku ya kazi, kwenye mashine iliyo ndani ya jengo la benki wakati kaunta iko wazi. Kwa ajili ya ule ulipuaji, benki nyingi hufunga kumbi za mashine usiku, hivyo usingoje usiku.

2. Chukua risiti. Ina tarehe, saa na utambulisho wa mashine.

3. Hesabu na kupapasa noti palepale, kabla ya kuziingiza kwenye pochi yenye fedha nyingine. Watu wa foleni watasubiri. Sekunde kumi hazimdhuru mtu.

4. Ukiona shaka, usiondoke. Nenda moja kwa moja kaunta, noti ikiwa mkononi na risiti pamoja nayo. Mwombe mfanyakazi aandike kwamba umekuja muda uleule. Kumbi nyingi za benki zina kamera, na saa iliyo kwenye risiti itasaidia kulinganisha.

5. Kama kaunta imefungwa, piga picha ya noti pande zote mbili, namba yake ikionekana, pamoja na risiti na mashine yenyewe. Piga simu benki kwa namba iliyoandikwa kwenye mashine, kisha uende polisi siku hiyohiyo.

Hatuwezi kuahidi kwamba ukifanya yote haya utarudishiwa fedha. Tunachosema ni kwamba bila kuyafanya huna pa kuanzia.

Ukigundua baadaye

Iweke noti katika bahasha na usiendelee kuishikashika, maana alama za vidole zinaweza kuwasaidia polisi. Andika uliipata wapi, lini na kwa nani, kama unakumbuka. Kisha ipeleke polisi au benki. Benki inalazimika kisheria kuizuia noti yenye shaka na kuikabidhi kwa wahusika. Nchini Ujerumani noti hizo huchunguzwa na kituo maalumu cha Benki Kuu ya nchi hiyo, kilichoko mji wa Mainz. Omba karatasi ya kuonyesha kwamba umeikabidhi. Ikithibitika kuwa halali, utalipwa. Ikithibitika kuwa bandia, hakuna fidia.

Vijana wengi huuliza: sasa kuna faida gani kuripoti, kama fedha haitarudi? Jibu lipo katika sheria. Kifungu cha 147 cha sheria ya makosa ya jinai ya Ujerumani kinamhusu hata mtu aliyepokea noti bandia kwa nia njema. Akishajua kwamba ni bandia kisha akaipitisha kwa mwingine kama fedha halali, ametenda kosa. Adhabu yake ni faini au kifungo kisichozidi miaka mitano. Hata kujaribu tu ni kosa. Lakini kuipeleka polisi si kosa, wala si kukiri kosa. Aliyedanganywa ni shahidi, si mhalifu. Tunalisisitiza hili kwa sababu hofu ya binti yetu ndiyo hofu ya vijana wengi walio ugenini. Hofu hiyo yaweza kumsukuma mtu mwaminifu kutenda lile ambalo kwa kweli lingempeleka mahakamani.

Lipo pia jibu la imani. Noti bandia haifi kwa kupita mkono hadi mkono. Kila anayeipitisha anamtafuta mnyonge mwingine wa kuibeba: mwuza mikate, bibi wa sokoni, au kanisa lenyewe siku ya sadaka. Maandiko yanayolaani mizani ya udanganyifu yanatuhusu hapa. Mwisho wake noti ile huishia kwa yule wa kwanza aliye mwaminifu, na huyo ndiye anayelipa hasara ya wote waliomtangulia. Binti yetu alilipa. Tukaona haifai alipe peke yake. Kwa kuwa hatukuwa na fungu la jambo kama hilo, na fedha za miradi zina kazi zake, sisi wafanyakazi wa ofisi tulichanga kutoka mifukoni mwetu tukamrudishia.

Nyumbani nako

Kamati zisidhani kwamba hili ni la vijana wa Ulaya tu. Wageni wa sharika rafiki wanapotutembelea, mara nyingi huacha bahasha yenye euro kwa ajili ya shule ya chekechea, kwaya au ujenzi. Wajumbe wetu nao wakirudi kutoka safari hubeba noti zilizotoka kwenye mashine za huko. Mtunza hazina huzifungia kabatini, na siku ya kwenda duka la kubadilishia fedha mjini hukataliwa noti moja. Hapo maneno huanza. Nani aliileta? Nani aliibadilisha?

Kukagua fedha mbele ya mgeni si kumvunjia heshima, bali ni kumlinda. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Bahasha ifunguliwe siku ileile mbele ya aliyeitoa na wajumbe wawili. Noti zihesabiwe na kupapaswa, namba za noti kubwa ziandikwe, na stakabadhi itolewe. Likitokea jambo baadaye, mtunza hazina hatabebeshwa mzigo usio wake.

Mazoea hayohayo yafanyike kwa shilingi zetu wakati wa kuhesabu sadaka. Noti zetu nazo zina uzi wa usalama, na ukiziinua kwenye mwanga huonekana sura ya Baba wa Taifa, Mwalimu Nyerere. Noti yenye shaka isirudishwe kwenye kapu wala isitumike kulipa kibarua. Iandikwe kwenye kumbukumbu za siku hiyo na ipelekwe benki au polisi.

Tunayowaomba

Kwa upande wetu, somo la noti sasa limeingia katika semina ya maandalizi. Kila kijana hushika noti halali ya euro kwa mikono yake kabla ya kusafiri. Simu za dharura ofisini sasa zina maelekezo yaliyoandikwa, ili asitokee tena mtu wa kutoa jibu la kubahatisha.

Kamati za sharika tunaziomba mambo mawili. Mosi, kila usharika unaotuma kijana utenge fungu dogo la dharura kwa ajili yake, ili akipatwa na hasara ya namna hii asijaribiwe kuitafutia mtu wa kuibeba. Pili, mwambieni kijana wenu kabla hajaondoka kwamba akipata tatizo la fedha apige simu nyumbani bila aibu, na mtamwamini.

Wafadhili wetu, tunawaomba mturuhusu kuonyesha fungu hilo wazi katika bajeti za miaka ijayo, hata likiwa dogo. Ni afadhali liandikwe na lisitumike kuliko likosekane siku linapohitajika.

Binti yetu amemaliza mwaka wake salama na amerudi. Katika semina iliyopita alisimama mbele ya wenzake akiwa na noti ya euro 50, akawaonyesha namba ya kijani na kidirisha, kisha akawaambia wavue glovu hata kama baridi inauma.